Taa inawaka, mlango umekaa: kuweka kitufe cha gereji ndani ya gari

Swali hili huwapata ndugu zetu wengi wanaoishi Marekani na Kanada, siku ile wanaponunua gari lenye vitufe vitatu vya kufungulia mlango wa gereji. Umefuata maelekezo. Umeshika rimoti karibu na kitufe cha gari, umebonyeza vyote viwili kwa pamoja, na kitaa kimeanza kuwaka na kuzima harakaharaka, yaani gari limejifunza. Unatoka nje, unabonyeza. Kimya. Mlango haujigusi.

Wengi hapo hudhani kifaa ni kibovu. Mara nyingi ni kizima kabisa. Gari limeshaijua rimoti, ila mota iliyo juu ya dari ya gereji bado hailijui gari. Leo tueleze kwa nini hayo ni mambo mawili tofauti, maana ukielewa hilo utaelewa pia kwa nini gari lako linabeba ufunguo wa nyumba yako hata siku unayoliuza.

Tuelewane kwanza: gereji hapa sio kwa fundi magari. Ni chumba cha kuegeshea gari, na kule Marekani mara nyingi kimeshikana na nyumba na kina mlango wa kuingilia ndani. Anayefungua gereji ameshafika karibu na jikoni.

Vitufe vyenyewe ni nini

Mfumo unaoonekana kwenye magari mengi unaitwa HomeLink. Ulianzia kwenye kampuni ya Prince, mji wa Holland, Michigan. Johnson Controls waliinunua Prince mwaka 1996, na mwaka 2013 HomeLink ikauzwa kwa Gentex, watengenezaji wa vioo vya gari vinavyojififisha vyenyewe usiku. Ndiyo maana siku hizi vitufe hivi utavikuta mara kwa mara chini ya kioo cha katikati cha kutazamia nyuma, japo vipo pia kwenye kikinga jua au kwenye dari. Alama yake ni kijumba kidogo.

Ndani yake kuna redio ndogo inayoweza kusikiliza na kutuma. Rimoti nyingi za gereji za Marekani hutumia masafa ya megahezi 300 hadi 390, hasa 310, 315 na 390. Unaposogeza rimoti umbali wa sentimita 3 hadi 8 na kubonyeza, gari linasikiliza mambo mawili: masafa gani yanatumika, na ujumbe umepangwaje.

Zamani kuiga kulitosha

Rimoti za zamani zilikuwa na safu ya swichi ndogondogo ndani, 8 hadi 12, kila moja juu au chini. Ulipanga swichi za rimoti zifanane na za mota, basi. Kila ukibonyeza, namba ileile ilitumwa. Gari likisikia mara moja, limemaliza kujifunza.

Shida ni kwamba mwizi naye ana masikio. Akiwa na redio ya kurekodi, anarudia alichosikia na mlango unafunguka. Hata kurekodi sio lazima. Swichi 12 zinatoa namba 4,096 tu. Ukizituma moja baada ya nyingine ni biti 49,152. Lakini mota nyingi za zamani hazikujali namba inaanzia wapi. Zilisikiliza mtiririko wa biti na kufunguka mara tu namba yao ikipita.

Hebu tuchukue mfano mdogo. Namba zote za biti mbili ni 00, 01, 10 na 11. Ukiziandika zote ni biti 8. Sasa angalia mfuatano huu: 00110. Soma biti mbilimbili ukisogea hatua moja: 00, 01, 11, 10. Zote nne zimo ndani ya biti 5. Wanahisabati huita mfuatano wa namna hii wa De Bruijn. Kwa swichi 12, biti 4,107 zinatosha. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alitumia mbinu hii kwenye kichezeo cha watoto cha kutumiana ujumbe, Mattel IM-ME, akaonyesha kwamba gereji za aina hiyo hufunguka ndani ya sekunde 10.

Kwa hiyo kama mota yako bado ina swichi hizo, usianze kuhangaika na kitufe cha gari. Badilisha mota kwanza.

Namba inayobadilika kila mara

Kuanzia miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Rimoti mpya ina vitu vitatu: namba yake ya utambulisho, siri inayoshirikiana na mota, na kihesabu. Kila unapobonyeza, kihesabu kinapanda kwa moja, kinachanganywa na siri, na kinachotoka hewani hakifanani na cha jana. Mota nayo inafanya hesabu yake. Ikikuta kihesabu kimesonga mbele, inafungua. Ikikuta ni cha zamani, inapuuza. Aliyerekodi ya jana amebaki na tiketi iliyokwishakatwa.

Utauliza: je, mtoto akichezea rimoti sebuleni na kuibonyeza mara tano, mbali na mota? Mota huacha nafasi. Kwenye mfumo uitwao KeeLoq, kwa kawaida inakubali kihesabu kilichotangulia hadi hatua 16. Kikizidi hapo, unabonyeza mara mbili mfululizo, mota inajirekebisha.

KeeLoq yenyewe ilizaliwa Afrika Kusini, miaka ya 1980, kwenye kampuni ya Nanoteq, kabla ya Microchip ya Marekani kuinunua mwaka 1995. Baadaye, mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba siri zake zinaweza kuchomolewa kwa kupima umeme ambao kifaa hutumia kinapofanya hesabu. Hata hivyo ni kazi nzito kuliko kurudia sauti iliyorekodiwa.

Ndo maana unapanda ngazi

Turudi kwa mlango wetu uliogoma. Gari liliposikiliza rimoti ya namba inayobadilika, halikuweza kuinakili, na hata lingeweza isingesaidia. Lilichofanya ni kutambua aina: hii ni familia fulani, masafa fulani. Kisha likawa rimoti mpya ya familia hiyo, yenye utambulisho wake lenyewe. Mota haijawahi kuuona utambulisho huo, ndo maana inakaa kimya. Lazima umtambulishe mgeni kwa mwenye nyumba.

Panda ngazi, tafuta kwenye mota kitufe kilichoandikwa Learn au Smart. Kibonyeze mara moja na uachie. Una kama sekunde 30. Rudi kwenye gari, bonyeza kitufe ulichokipanga kwa sekunde mbili, achia, rudia mara mbili au tatu hadi mlango usogee. Kuwa na mtu wa pili, mmoja kwenye ngazi na mwingine garini.

Kwenye mota za Chamberlain, LiftMaster na Craftsman nyingi, rangi ya kitufe hicho inakuambia mengi. Kijani ni namba isiyobadilika kwenye megahezi 390. Chekundu au cha rangi ya chungwa ni namba inayobadilika, 390. Zambarau ni 315. Njano, iliyoanza mwaka 2011, hutumia masafa zaidi ya moja, na magari ya kabla yake mara nyingi yanahitaji kifaa cha ziada cha kuunganisha. Kuhusu hiyo 315: miaka ya 2004 na 2005 jeshi la Marekani lilipoanza kutumia redio mpya kwenye megahezi 380 hadi 400, milango ya watu karibu na kambi ilianza kugoma.

Uko Kanada? Rimoti za huko hukata matangazo baada ya sekunde chache kwa mujibu wa kanuni. Badala ya kuishikilia, ibonyeze na kuiachia kila sekunde mbili hadi kitaa cha gari kibadilike.

Kama gari halina vitufe

Unaweza kununua kioo au kikinga jua chenye HomeLink. Kinahitaji waya wa volti 12 kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi na waya wa ardhi kwenye bodi. Njia ya bei nafuu zaidi ni kuchukua rimoti ya akiba, uifungue, na kuunga kwa solda nyaya mbili nyembamba kwenye miguu ya kitufe chake, kisha nyaya ziende kwenye swichi ya kubonyeza uliyoiweka mahali pa swichi tupu ya dashibodi. Kitufe cha rimoti hakifanyi kingine ila kugusanisha pointi mbili. Swichi yako inafanya hilohilo. Na kwa kuwa rimoti hiyo mota inaijua tayari, hakuna kutambulisha upya.

Mambo matatu hapa. Acha betri yake ndogo mahali pake, maana nyingi ni za volti 3 na zile 12 za gari zitaiunguza. Usiifunge rimoti nyuma ya kipande cha chuma: wimbi la megahezi 315 lina urefu wa sentimita 95 hivi, na chuma kipana hulizuia. Nyuma ya plastiki ni sawa. Tatu, usipitishe waya mbele au juu ya mfuko wa hewa. Ukifumuka, waya huo unarushwa usoni.

Na kwa njia yoyote ile, hakikisha mota ina macho mawili karibu na sakafu yanayozuia mlango kumshukia mtoto. Sheria ya Marekani ilianza kudai kinga hiyo kwa mota mpya mwaka 1993. Ya zamani kuliko hapo usiiunganishe na kitufe cha garini.

Kabla hujaliachia gari

Ukiuza gari, au bima ikilichukua baada ya ajali, kitufe kinaondoka nalo. Wamarekani wengi huacha kadi ya usajili ndani ya gari, na kadi hiyo ina anwani. Kitufe na anwani kwa pamoja ni ufunguo wenye maelekezo ya njia.

Kufuta ni rahisi: shikilia vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja, sekunde 10 hadi 20, hadi kitaa kianze kuwaka na kuzima. Je, gari limeshaenda? Panda ngazi tena. Kwenye mota nyingi, kushikilia kitufe cha Learn kwa sekunde 6 hivi, hadi taa yake izime, hufuta rimoti zote pamoja na kibao cha namba kisicho na waya. Utazitambulisha upya zile ulizobaki nazo.

Na wewe msomaji wa Bujumbura au Goma uliyenunua gari lililotumika Marekani: ukiona vitufe vitatu vyenye alama ya kijumba, huenda bado vimebeba ufunguo wa nyumba ya mtu usiyemjua. Mfutie. Baada ya hapo, kama rimoti ya geti lako iko ndani ya masafa ambayo kifaa chako kinayajua, jaribu kuvifundisha geti la kwako.