Kilimia Juu ya Boneti

Subaru ni jina la nyota. Wajapani huliita hivyo lile kundi dogo la nyota ambalo Waarabu huliita Thurayya, na ambalo wazee wetu wa Pwani walilipa jina la Kilimia, kwa kuwa kuzama na kuzuka kwake ndiko kulikowapa wakulima majira ya kulima. Nimepita miaka hamsini bila ya kulijua hilo. Aliyenijulisha ni mpwa wangu, siku aliponipokea katika stesheni ya reli ya Syokimau, akaupakia mkoba wangu ndani ya gari lake la rangi ya fedha, kisha akaniashiria nembo iliyo mbele ya boneti: nyota moja kubwa na tano ndogo. “Mjomba,” akasema, “hiki ni Kilimia.”

Nilitabasamu, lakini sikuja Nairobi kutazama nyota. Dada yangu alikuwa amenituma. Mkaza mwanawe alimpigia simu akamwambia kwamba hatapanda tena gari lile wala hatawapandisha wanawe, na kwamba mojawapo lifanyike: ama gari liuzwe, ama yeye achukue watoto arudi kwao Mombasa. Ndoa ya miaka tisa, watoto wawili, na gari kuukuu limesimama katikati. Nikaambiwa, nenda ukawasikilize wote wawili, usije ukamsikiliza mmoja.

Wanaishi Kware, kule Embakasi, pembezoni mwa Outer Ring Road. Jina la mtaa lenyewe latokana na machimbo ya mawe, na leo mawe yamegeuka maghorofa yaliyosimama bega kwa bega, nguo zimeanikwa kutoka chini hadi juu. Mahali pa kuegesha gari hapapo. Mpwa wangu hulipia kila mwezi nafasi katika kiwanja chenye ua na mlinzi, kisha hutembea kwa miguu hadi nyumbani. Niliona matope, mikokoteni ya maji, bodaboda zikijipenyeza pande zote, nikajiuliza kimoyomoyo: mtu wa hapa ataka nini na gari la nguvu za farasi 280?

Swali hilo nililijibiwa nusu nilipokuwa ningali kitini. Kwa ada ya mimi nijuavyo, gari dogo likitoka Mombasa huwa jepesi pale Mariakani na huwa zito likikaribia Nairobi. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kuliko ya kwetu kwa takriban moja ya sita. Injini nayo huvuta pumzi kama sisi. Lakini gari lenye turbo lina dawa yake: moshi unaotoka injini huzungusha feni ndogo, na feni hiyo huzungusha nyingine inayosukuma hewa kwa nguvu kuirudisha katika silinda. Kwa hiyo pale magari mengine yanapohema, hili hupanda mlima kana kwamba liko Nyali. Nilihisi mgongo wangu ukisukumwa taratibu kwenye kiti, bila kelele, na sitaficha, nilifurahi kama mtoto aliyepandishwa bembea ya Idd.

Gari lenyewe ni Legacy ya mwaka 2006, gia zake ni za kubadilisha kwa mkono. Lililetwa Kenya na mtu mwingine, kwa kuwa sheria ya viwango hairuhusu gari lililopita miaka minane kuingia nchini, nalo ni lazima liwe na usukani wa kulia na likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Wengi wetu wa Mombasa tumeyaona magari hayo yakiteremshwa Kilindini kwa safu, na huenda hata hili tulipishana nalo. Injini yake haikusimama wima kama za magari mengi. Silinda nne zimelazwa, mbili kulia na mbili kushoto, na pistoni huenda na kurudi kama ngumi za mabondia wawili. Uzito ukawa chini, karibu na barabara, na magurudumu yote manne husukuma kwa pamoja. Ndiyo maana kwenye kona gari halilali upande, na kwenye matope ya Kware haliselei. Kampuni imeshikilia namna hiyo ya injini tangu mwaka 1966.

Vijana wa Kenya hawakuyapenda magari haya kwa kusoma vitabu. Waliyaona. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na kwa sadfa njema huo ndio mwaka ilipoundwa kampuni ya Fuji Heavy Industries, mama wa Subaru. Katika miaka ya 90 magari ya buluu yenye maandishi ya manjano yalipita vumbi la nchi hii, na watoto wakakaa kando ya barabara tangu alfajiri kuyangoja. Mwaka 1997 alishinda Colin McRae, na mwaka 2000 Richard Burns, wote wawili ndani ya Subaru Impreza. Mkenya Patrick Njiru naye aliliendesha gari la nembo hiyo, na jina lake likawa mithali ya mbio majumbani mwetu. Mpwa wangu alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Aliponieleza hayo nilimwona usoni yule mtoto.

Basi nikaketi na mkewe. Nilimkuta ameandaa chai ya maziwa na mahamri, na kando ya birika ameweka daftari.

“Mjomba,” alianza, “mimi gari silichukii. Nachukia mambo mawili.”

La kwanza lilikuwa mbio. Walikuwa wakirudi kutoka Mombasa usiku, watoto wamelala nyuma, na karibu na Salama mumewe akalipita lori la mafuta mahali ambapo mbele hapakuonekana vizuri. Walipita salama. Lakini yeye aliona taa za basi linalokuja, na tangu usiku huo akifumba macho huziona. Alipomwambia mumewe, jibu alilopewa ni kwamba gari hili lina nguvu, halingeshindwa. “Sikumwuliza kama gari lina nguvu,” akaniambia. “Nilimwuliza kama ana watoto.”

La pili lilikuwa lile daftari. Akalifungua. Alikuwa ameandika kila shilingi iliyotumika tangu gari lilipoingia nyumbani: oili, plagi, breki, magurudumu manne kwa mpigo mmoja, petroli ya bei ya juu. Jumla yake sitaitaja, ila niliisoma mara mbili. Mumewe alikuwa amenunua gari kwa bei iliyoonekana rahisi, na hakuna aliyemwambia kwamba bei ya kununulia ni mlango tu, nyumba iko ndani. Nilimsifu kwa jambo moja: hakuchukua mkopo wa riba kwa kuweka rehani kitabu cha gari, kama wafanyavyo wengi. Alisubiri, akaweka akiba miaka mitatu.

Nilipomhoji mpwa wangu juu ya daftari, alitetea kila mstari, na katika mengi alikuwa na haki. Feni ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, imeelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa, turbo hufa. Kwa hiyo yeye hubadilisha kila kilomita 5,000, hangoji zaidi. Magurudumu hununuliwa yote manne kwa sababu yote husukuma. Ukiweka mapya mawili na makuukuu mawili, yatazunguka kwa mwendo usiolingana na kuichosha difu ya katikati. Petroli nayo, gari liliundwa kwa ile bora ya Japani ambayo okteni yake hufikia 100, na ya kwetu ya kawaida iko chini ya hapo. Gari la mbio ni kama farasi wa ukoo. Punda wa Lamu atakula atakachokipata na bado atabeba mzigo, farasi hukasirika.

“Na mkanda wa taiming?” nilimwuliza. Nalijua neno hilo kwa kuwa fundi wa jirani yangu Mombasa hulitaja kila siku.

Akasema yule aliyemwuzia alimhakikishia kwamba ulikuwa umebadilishwa. Nikasema twende tukauone.

Fundi wao yuko jirani na Kware, kijana mwenye mikono ya adabu, asiyegusa kiti kabla ya kutandaza kitambaa. Alifungua kifuniko cha upande mmoja akamulika taa ya simu. Kisha akanyamaza, akatuita. Mkanda ulikuwa ule wa kiwandani. Mgongoni ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba. Gari lilikuwa limepita kilomita 130,000, na mkanda kama huo hupaswa kubadilishwa karibu na 100,000. Katika injini hii ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugongana na vali, na injini nzima huharibika kwa kufumba na kufumbua. Mpwa wangu alipiga hesabu ya safari alizosafiri na mkanda ule: Mombasa kwenda na kurudi, mara nne, pamoja na ule usiku wa Salama. Aliketi juu ya tairi kuukuu, hakusema neno kwa muda.

Mimi sikumhubiria. Kule alikokuwa amefika moyoni mwake hapakuhitaji khutba ya mjomba.

Jioni ile tulikaa watatu. Miongoni mwa mambo yaliyohesabiwa katika dini yetu kuwa ni saada ya mja ni kipando chenye raha, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema. Niliwakumbusha kwamba kipando hakikutengwa na mke katika hesabu hiyo. Raha ya gari ambalo mke hulipanda kwa hofu ni raha ya nani? Baada ya hapo wao wenyewe walizungumza, mimi nikanywa chai yangu. Walikubaliana kwamba gari halitauzwa. Daftari litabaki mkononi mwa mke, na kila mwezi fedha za matunzo zitatengwa kabla ya petroli. Mwezi ambao hazikutengwa, gari litalala kiwanjani. Usiku hakuna safari ya Mombasa. Na sharti la mwisho, ambalo mume hakulitarajia, ni kwamba yeye mke ataliendesha.

Leseni alikuwa nayo, ila hakushika gia za mkono tangu siku ya mtihani. Asubuhi ya Jumapili, kabla magari hayajajaa, alikaa mbele ya usukani, mumewe kando, nami nyuma na watoto, mikanda imefungwa. Mara mbili gari lilizimika kwenye lango la kiwanja, na watoto wakacheka. Mara ya tatu likatoka. Outer Ring Road alikwenda kilomita 50 kwa saa, kama iruhusiwavyo mjini, akibadilisha gia kwa utulivu, na mumewe akashindwa kuuzuia mguu wake wa kulia usikanyage sakafu mahali pasipo na breki.

Baada ya wiki mbili, mkanda mpya umeshafungwa, walinirudisha Mombasa mchana kweupe. Yeye ndiye aliyeendesha kutoka Emali hadi Mtito Andei. Hapo ndipo nilipoelewa nguvu hizi ni za nini. Barabara ile ni ya njia moja kwenda na moja kurudi, imejaa malori yenye matrela, na sheria haimruhusu mtu kupita kilomita 100. Gari dhaifu likijaribu kulipita trela hukaa muda mrefu upande usio wake, dereva akiomba dua. Yeye alingoja. Alingoja hadi barabara ikanyooka na mbele pakawa peupe, akarudisha gia hadi ya tatu, akakanyaga mafuta. Turbo ikavuta pumzi. Tulikuwa kando ya trela, kisha mbele yake, kisha tumerudi upande wetu, akaachia mafuta, mshale ukashuka. Sikumaliza hata kusema Subhanallah. Nilimtazama katika kioo; alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo dada yangu angetamani aione.

“Mjomba, umeona?” aliniuliza.

“Nimeona, mwanangu.”

Alilipita lori la pili vivyo hivyo, na la tatu akaamua asilipite, akalifuata kilomita kadhaa hadi kilima kikaisha. Mumewe hakumhimiza.

Tulipofika kwa dada yangu, jua lilikuwa limeanza kuzama. Mkaza mwana aliegesha chini ya mwarobaini, akatia gia huru, lakini hakuzima injini. Dada yangu akatoka barazani na kanga yake kichwani, akasimama mlangoni akitutazama sote tumekaa tu ndani ya gari.

“Mna nini hamshuki?” akaita.

“Turbo yapoa, mama,” mkaza mwanawe akamjibu kwa dirishani. “Dakika moja tu.”

Dada yangu akanitazama mimi. Nikamwonyesha kidole kimoja, asubiri.