Tetea Mwenye Tumbo Lililovimba

Ndugu msomaji wa Mwembesongo, ukimwona tetea amejikunyata, tumbo limevimba, wala hali, usikimbilie kisu. Mtenge na wenzake, umnyweshe maji, kisha umpapase kwa upole.

Ukihisi kitu kigumu, huenda yai limekwama. Mkalishe katika maji ya uvuguvugu dakika 15 au 20, umkaushe, umweke penye joto na utulivu. Wala usimkamue, maana yai likivunjika ndani laweza kumwua.

Tumbo likiwa laini kama kiriba, huenda limejaa maji, au kiini cha yai kimeangukia ndani. Hilo halitibiki nyumbani. Mwendee bwana mifugo, au waganga wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichoanzishwa hapa Morogoro mwaka 1984. Asipopona, asiachwe ateseke. Asiyeweza kusema, mwenye nyumba ndiye msemaji wake.