Namba Tasa Yenye Mzao

Mama apangaye machungwa 12 sokoni aweza kuyatia mafungu ya mawili mawili, matatu matatu, manne manne au sita sita. Akiongeza moja, yakawa 13, mafungu humkataa: ama fungu moja la yote, ama chungwa moja moja. Namba ya namna hiyo huitwa tasa.

Na awe na machungwa 2,147,483,647. Je, yatagawanyika?

Namba hii hupatikana kwa kuzidisha mbili 31 pamoja, kisha kutoa 1. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliiweka katika orodha ya namba tasa bila kutoa uthibitisho, na orodha hiyo baadaye ilionekana kuwa na makosa. Aliyeithibitisha ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyeishi Urusi, mwaka 1772, macho yake yakiwa yamekwisha kupoteza karibu nuru yote. Hakuijaribu kwa kila namba. Alijua kwamba kigawo chake chochote, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakize 1 au 63. Tena hapakuwa na haja ya kupita 46,340, kwani vigawo huja viwili viwili, na kilicho kidogo hakiwezi kuvuka hapo. Namba tasa za kujaribiwa zikabaki chini ya mia moja, na hata moja haikuigawa.

Hata hivyo tasa huyu ana mzao. Ikizidishwa kwa 1,073,741,824, ambayo ni mbili 30 zilizozidishwa pamoja, hutoa 2,305,843,008,139,952,128. Vigawo vyote vya namba hiyo vilivyo vidogo kuliko yenyewe, vikijumlishwa, huirudisha yenyewe, kama vile 1, 2 na 3 zinavyofanya 6. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba kubwa kuliko hiyo katika jamii yake haitagunduliwa kamwe, maana ni jambo la udadisi tu lisilo na faida. Alisema kwa haraka. Mwaka 1883 kasisi wa Urusi, Ivan Pervushin, alionyesha njia ya kupata kubwa zaidi.

Na kuhusu faida? Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, katika nafasi 32 za 0 na 1. Nafasi moja ni ya alama ya kujumlisha au kutoa. Zilizobaki ni 31, na kikomo chake ni namba ile ile ya Euler. Sekunde hizo zitatimia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Mashine isiyorekebishwa itageuza kalenda yake irudi Desemba 1901. Mitambo mipya imepewa nafasi 64. Wasiwasi umebaki kwa vyombo vidogo vya zamani vilivyofungiwa ndani ya mitambo, ambavyo hakuna avifunguaye maadamu vinafanya kazi.