Kikosi Mshirika: Kutoka Meza ya Mchezo hadi Ardhi ya Kibera

Michezo ya vita ya mezani, ambayo H. G. Wells aliitungia kanuni katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913, huchezwa kwa sanamu ndogo za askari, nyingi zikiwa na kimo cha milimita 28, zinazopangwa juu ya meza yenye vilima, mito na vichaka vya kuigiza, huku rula ikipima mwendo na dadu ikiamua nani ameanguka. Katika michezo inayofuata historia, mchezaji huruhusiwa kuongeza kikosi mshirika, yaani kundi la wapiganaji wa jamii nyingine, lenye jemadari wake, linalopigana upande wa jeshi kuu bila kuwa sehemu yake. Kanuni nyingi humtazama jemadari huyo kwa jicho la shaka: dadu ikimwangukia vibaya, husita au hukataa kabisa kusonga.

Shaka hiyo haifai kuchukuliwa kijuujuu na mchezaji anayepanga jeshi la Waingereza wa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Uti wa mgongo wa jeshi hilo ulikuwa Wanubi, askari wa Sudani waliobaki katika jimbo la Ikweta baada ya gavana wake, Emin Pasha, kuondoka, ambao ofisa Mwingereza, Kapteni Lugard, aliwaandikisha mwaka 1891 huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, wakaja na wake zao, watoto wao na maofisa wao wenyewe. Kwa hesabu ya mchezo hao ni askari wa kudumu, wenye bunduki, nidhamu na mshahara, kwa hiyo dadu ya usaliti haiwahusu. Hata hivyo, Septemba 1897, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, mshahara mdogo na wasiwasi juu ya familia zao, baadhi yao waliasi huko Eldama Ravine walipotakiwa kuandamana na Meja Macdonald, wakaelekea Busoga, wakaiteka ngome ya Lubwa na kumuua ofisa Mwingereza, Meja Thruston. Waliosimama na Macdonald kuwazingira walikuwa Masingasinga wachache, Waswahili wa pwani na jeshi la Waganda, ambalo ndilo hasa lingeandikwa kikosi mshirika. Ajabu ni kwamba Waganda wenyewe walikuwa wamegawanyika mwezi Julai mwaka huohuo, Kabaka Mwanga alipowaasi Waingereza. Kanuni inayowapa askari wa kudumu uaminifu wa bure, ikaacha shaka yote kwa mshirika, haiwezi kuuonyesha mwaka huo.

Kando ya Nairobi, eneo la Dagoretti, ambamo Kawangware imo leo, linatoa mfano wa pili. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyepata nguvu kwa kuwatumikia Waingereza wa ngome ya Fort Smith na hatimaye akafanywa chifu mkuu, alikuwa na wafuasi waliojiunga na misafara ya kuadhibu majirani, kama walivyofanya Wamaasai waliokimbilia ulinzi wa ngome hiyo. Malipo yao makubwa yalikuwa mifugo iliyotekwa. Mchezaji makini, basi, angeweka sanamu za ng'ombe na mbuzi mezani, na mara kundi hilo litekwapo, kikosi mshirika kipige dadu kuona kama kitaendelea kupigana au kitageuka kuswaga mifugo nyumbani. Huo si usaliti. Mshirika ana vita vyake mwenyewe, na vimekwisha mapema.

Wanubi wengine waliingizwa katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, na kuanzia 1904 askari wake walianza kuruhusiwa kukaa na familia zao katika msitu wa Kibera, Nairobi. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, lakini wakazi walikaa kwa kibali tu, bila hati. Kinyanjui, aliyekuwa mshirika, alipata uchifu. Askari wa kudumu walipata ruhusa ya kulima. Hati ya pamoja ya jamii ya Wanubi wa Kibera ilitolewa na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2017, nayo ilihusu ekari 288.