Kompyuta Ndogo za Bei Nafuu: Zinunuliwe au Ziachwe?

Askari anayeishi kwa mshahara wa mwezi hana budi kuipima kila shilingi kabla haijatoka mkononi mwake. Karo za watoto zinamngoja, na wazee nyumbani wanamtazamia. Anaposikia kwamba ipo kompyuta inayoenea katika mfuko wa shati, na ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya simu nyingi, ni haki yake kuuliza: je, chombo hicho kinafaa kweli kwa kazi za kila siku, au ni kitu cha kuchezea tu?

Jibu lianzie katika asili yake. Kompyuta ya namna hiyo inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyobuniwa mjini Cambridge, Uingereza, na Eben Upton pamoja na wenzake. Wataalamu hao waliona kwamba vijana waliokuwa wakiomba kusomea elimu ya kompyuta katika chuo kikuu walikuwa wakipungua, na wale waliofika walikuwa wamejifunza machache nyumbani. Tarehe 29 Februari 2012 ubao wao wa kwanza, wenye ukubwa wa kitambulisho, ulianza kuuzwa kwa dola 35 za Marekani. Shabaha ilikuwa kumpatia mwanafunzi chombo ambacho angeweza kukichunguza, na hata kukiharibu, bila kuwafilisi wazazi wake. Hakikukusudiwa kuwa mtambo wa ofisi.

Tangu wakati huo nguvu zake zimekua. Ubao wa kwanza ulikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256, lakini ule wa nne, uliotoka mwaka 2019, ulipatikana mwaka uliofuata ukiwa na gigabaiti 8. Kwa ubao huo mtu huandika barua, hupanga hesabu, husoma habari katika intaneti na hutazama filamu. Akifungua kurasa nyingi kwa pamoja, au akitaka kuhariri filamu, ataona uzito. Tena ubao huo huendeshwa kwa Linux, ambayo programu zake nyingi ni za bure. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida hazifanyi kazi humo. Anayezitegemea hizo na atafute chombo kingine.

Sifa yake kubwa ni uchache wa umeme inaoutumia. Prosesa yake ni ya ukoo wa ARM, sawa na zile za simu za mkononi, na ukoo huo ulianzia Cambridge hiyo hiyo mwaka 1985, katika kampuni ya Acorn. Ubao wa nne hutumia wati 3 hivi ukiwa umetulia, na wati 6 au 7 ukiwa katika kazi nzito. Chukueni mfano wa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50. Ikitumiwa nusu tu, ili isife mapema, hutoa wati-saa 300. Ubao wa wati 5 pamoja na kioo cha wati 20 vitafanya kazi kwa saa 12. Kompyuta ya mezani ya wati 80, kwa kioo hicho hicho, itaimaliza nusu hiyo kwa saa 3. Mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, na taa zinategemea jua, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, bei ya ubao si bei ya kompyuta. Ubao huja mtupu. Kinachobaki kununuliwa ni kifaa cha kuupatia umeme, kadi ya kuhifadhia kazi, kibodi, kipanya, waya na kioo. Haba na haba hujaza kibaba, na mnunuzi asiyepiga hesabu mapema hugundua kwamba kwa fedha hizo hizo angepata kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, yenye kioo chake na betri yake. Aliye na kioo na kibodi tayari, huyo ndiye anayepata nafuu ya kweli.

Udhaifu mwingine umo katika kadi. Umeme ukikatika ghafla wakati ubao unaandika, kazi iliyohifadhiwa huweza kuharibika. Chaja dhaifu ya simu nayo huufanya ubao usite au ujizime. Kwa hiyo nakala ya pili ya kila kazi ni lazima.

Kwa wanajeshi na polisi liko neno moja zaidi. Kadi hiyo ni ndogo kama ukucha, na kwa kawaida huchomolewa bila kufungua kitu chochote. Yaliyomo, yasipofungwa kwa ufunguo wa siri, husomeka katika kompyuta nyingine. Taarifa za kazi, majina ya mashahidi na mipango ya doria hayana nafasi katika chombo cha namna hiyo kilichonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani.

Basi kompyuta hizi si za kudharauliwa wala si za kukimbiliwa. Pikipiki haibebi mzigo wa lori, lakini hupita mahali ambapo lori hukwama. Kwa mtoto anayetaka kujifunza, na kwa nyumba inayotegemea nguvu za jua, ubao huo unastahili fedha zake. Kwa anayetafuta kompyuta moja tu ya kumtimizia kila haja, afadhali asubiri mishahara michache zaidi akanunue iliyo kamili.