Mgongo Uulizwe Kabla ya Kunyooshwa

Katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, Tanzania, hakuna kazi ya shamba isiyoulipisha mgongo ushuru wake. Jembe la mkono humwinamisha mkulima tangu palizi ya mahindi na maharage hata mavuno ya vitunguu saumu. Ndoo ya lita 20, yenye uzito wa kilo 20 za maji matupu, hupandishwa kutoka bondeni kila asubuhi. Na kuni hubebwa mwendo mrefu. Upande wa Hanang nako, katika mashamba ya ngano ya Basotu na katika njia za vumbi na makorongo zielekeazo Katesh, dereva wa trekta na kijana wa bodaboda hutikiswa viuno kutwa nzima. Si ajabu, basi, kwamba mwenye kuumwa mgongo katika wilaya hizi aghalabu huwa ameshajipatia sababu ya maumivu yake kabla hajamfikia tabibu, naye huja na haja moja tu, nayo ni kunyooshwa. Makusudio ya makala haya ni kubainisha kunyooshwa huko kunafaa wakati gani, na kwa nini, katika nchi ya wafugaji kama hii, hakustahili kuwa jambo la kwanza.

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea, 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake zimo zile zilizoungana mpaka kwenye kifandugu. Baina ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu kinachopokea uzito. Ubavuni na nyuma mna maungio madogo yanayoongoza mwendo. Na ndani ya tundu la pingili hizo hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni na kwenye kibofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni waliumwa kiuno, na kwamba kwa takriban 90 katika kila 100 hakupatikani kidonda wala ugonjwa wa kuonyeshwa kwa kidole. Maumivu ya namna hiyo, ijapokuwa ni makali, si ya khatari, na mara nyingi hupungua yenyewe baada ya majuma machache iwapo mtu haachi kutembea na kufanya kazi kwa kiasi.

Tiba ya kuzisukuma pingili kwa mikono, iitwayo kairopraktiki, ilianzishwa na D. D. Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, alipomkanda mgongo Harvey Lillard, mtumishi wa usafi aliyekuwa hasikii vizuri, akadai kwamba usikivu wake umerejea. Palmer akaenda mbali zaidi, akafundisha kwamba maradhi karibu yote ya binadamu yatokana na pingili zilizohama mahali pake; itikadi hiyo ilimu haikuithibitisha. Hata ule mlio umfurahishao mgonjwa, akidhani mfupa umerudi mahali pake, si mlio wa mfupa, bali ni wa hewa iliyomo ndani ya majimaji ya maungio. Walakini insafu yatudai tuseme na upande wa pili: kwa maumivu ya kawaida ya kiuno yaliyokawia, kunyooshwa huko huweza kuleta nafuu ya wastani, na mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2023 umeihesabu tiba hiyo, pamoja na mazoezi, ukandaji na elimu kwa mgonjwa, miongoni mwa zinazoweza kutumiwa, ilhali mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mizigo na dawa kali za jamii ya afyuni umeshauri visitumiwe kwa kawaida.

Wahitimu wa fani hiyo ni nadra katika nchi yetu, na chuo chake hatuna. Barani Afrika hufundishwa Durban na Johannesburg. Mtu wa Mbulu au wa Hanang, kwa hiyo, hunyooshwa na mkandaji wa kijijini, au akijaliwa hufika kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali kama ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955. Ukandaji wenyewe hauna lawama. Lawama ni kukandwa kabla ya kuulizwa.

Tumfikirie, kwa mfano tu, mfugaji wa makamo anayeishi chini ya Mlima Hanang. Kiuno chamwuma miezi mitatu sasa. Jioni hushikwa na homa, usiku hulowa jasho, asubuhi huamka mzima kiasi cha kuweza kuongoza ng'ombe malishoni. Amemeza dawa za malaria zaidi ya mara moja. Amekandwa kwa mafuta ya moto, akapata nafuu ya siku mbili, kisha maumivu yakarejea palepale. Mkandaji wake hakukosa nguvu wala ustadi, ila hapana aliyemwuliza, "Mzee wangu, maziwa mwayanywaje nyumbani? Na yule mtamba aliyetupa mimba, nani alimsaidia?" Lau angeulizwa, angejibu kwamba maziwa hunywewa bila kuchemshwa, na kwamba kondo la nyuma alilitoa mwenyewe kwa mikono mitupu. Majibu mawili hayo yatosha kumwelekeza tabibu kwenye kipimo cha damu.

Maradhi anayoshukiwa kuwa nayo ni brusela, ambayo kijidudu chake kilitambuliwa na daktari mwanajeshi David Bruce kisiwani Malta mwaka 1887. Mbuzi, kondoo na ng'ombe hutupa mimba kwa sababu yake. Binadamu huambukizwa kwa maziwa mabichi, na kwa kugusa damu na uchafu wa uzazi wa mnyama. Kijidudu hicho kikiisha kuingia mwilini, hupenda kukaa katika maungio, hasa ya nyonga na ya pingili za kiuno, na ndiyo maana hujifanya maumivu ya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, juu ya wagonjwa wa maradhi haya katika mikoa ya Arusha na Manyara, ulidhihirisha kwamba wengi walikawia kufika hospitali. Tiba yake ni dawa mbili kwa pamoja, kwa muda usiopungua majuma sita, na maradhi yakiisha kuingia katika uti wa mgongo huhitaji takriban miezi mitatu. Mkono wa mkandaji hauwezi kuyafikia.

Lililo zito zaidi ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, alichokieleza tabibu Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779. Hiki huula mfupa wa pingili polepole, mpaka ukabonyea na kuacha kibyongo, na mgonjwa huweza kupooza miguu hata asiwe na kikohozi hata kidogo. Kumsukuma mtu wa namna hii mgongoni ni kuvunja kilichokwisha liwa. Dawa, ambazo hutumiwa miezi sita hata kumi na miwili, ndizo zitakazomwokoa. Fauka ya hayo, sisi ni watu wa Bonde la Ufa, ambako baadhi ya maji yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtu akiyanywa miaka mingi, uti wake huweza kukakamaa usipindike.

Kwa hiyo, ewe msomaji, mgongo ukikuuma bila homa, baada ya kazi ya jembe au ya kubeba mzigo, usilale kitandani. Tembea, punguza uzito wa ndoo, fanya mazoezi, na ukitaka kukandwa, kandwa. Bali ukiona homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyotulia hata ukilala, au yameanza baada ya kuanguka kutoka mtini au kwenye mkokoteni, nenda kwanza ukapimwe, wala usikubali mtu akupande mgongoni. Ukiona miguu inalegea, ganzi kati ya mapaja, au mkojo umezuilika, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Nanyi wakandaji, ambao watu huwajieni kabla ya daktari, ulizeni habari za homa, maziwa na mifugo kabla ya kuweka mkono. Na nyumbani kwetu sote, maziwa yachemshwe.