Zebaki ya Kaskazini na Tope la Sabaki

Katika nchi za Siberia, Alaska na kaskazini ya Kanada imo ardhi iliyoganda tangu zama za kale, na wataalamu waliofanya makisio mwaka 2018 walisema kwamba zebaki iliyomo humo yakaribia mara mbili ya ile iliyomo katika udongo mwingine wote, bahari na hewa ya dunia vikijumlishwa pamoja. Zebaki hiyo ilishuka kutoka angani kwa karne nyingi, ikashikwa na mimea, na mimea ilipokufa ikazikwa barafuni kabla ya kuoza, amana ikakaa. Hivi sasa joto limezidi: udongo walainika, kingo zaporomoka, na mito kama Yukon na Lena yaichukua amana hiyo hadi Bahari ya Bering na Bahari ya Aktiki, na popote tope linapokosa hewa, bakteria huigeuza sehemu yake kuwa zebaki ya methili, sumu ya mishipa ya fahamu, ambayo huzidi kila samaki mdogo anapoliwa na mkubwa, hata ikawafikia Wainuiti wanaokula sili na nyangumi.

Sisi wakaazi wa Ganda, karibu na Malindi, twapaswa kuyatafakari hayo kwa sababu ya Sabaki. Mto huu, ambao huko juu huitwa Athi na kupokea maji machafu ya Nairobi, kisha ukakutana na Tsavo ukaitwa Galana, humwaga tope lake baharini baina ya Malindi na Mambrui, na msimu wa kaskazi tope hilo husukumwa kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Tumbawe moja la hapo, lenye umri wa miaka kama 300, lilichunguzwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalidhihirisha kwamba bariamu, madini yanayosafiri pamoja na udongo, ilianza kuongezeka mapema katika karne ya 20, bara ilipozidi kulimwa na kulishwa mifugo. Kule kilichoshika ardhi ni barafu. Huku ni mizizi.

Madini mazito huambatana na chembe laini za udongo, nazo zikikutana na maji ya chumvi hugandamana na kuzama. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tope la Sabaki lipimwe zebaki na risasi kila masika, wala lisihesabiwe kuwa uchafu wa rangi tu. Na mama mjamzito apikiwe tasi, anayekula majani ya bahari, kuliko papa.